Madigadi ya Kushoto

Jumatano saa tatu asubuhi, baada ya chai ya kwanza na kabla ya chai ya pili, Fundi Nusu Saa alifungua nati za gurudumu la mbele kushoto la gari la mteja, akalivingirisha gurudumu mpaka ukutani, akapindua ndoo tupu chini ya madigadi, ile bodi ya kukinga matope, pale gurudumu lilipokuwa, kisha akamwita mkewe.

"Jeki! Njoo unishikie hapa."

Mkewe alikuwa anafunga mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na shuka mbili za mtoto, kipande cha sabuni, kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe na kikata kucha kidogo kuliko kidole. Binti yao wa pekee alikuwa anatarajia kujifungua wiki ile, mji wa pili, na mama alikuwa na tiketi ya basi la kesho yake alfajiri. Aliutundika mkoba kwenye msumari wa mlangoni, akafuta mikono, akaenda.

Fundi aliitwa Nusu Saa kwa sababu kila mteja akiuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lilikuwa hilo hilo, hata kama gari lenyewe halikuwa na injini. Mkewe aliitwa Jeki kwa sababu kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeshikilia vitu. Alishikilia milango mume akifunga bawaba, alishikilia bampa, alishikilia tochi, alishikilia ngazi. Siku moja jeki ya kweli ilipoteleza, alishikilia gari kwa mgongo mpaka mumewe akamaliza kumsimulia mteja hadithi aliyokuwa ameianza. Majirani walisema fundi yule ana mikono minne, miwili kaja nayo na miwili kaoa.

Gari la siku hiyo lilikuwa la mstaafu wa posta. Lilikuwa gari dogo la mizigo, la zamani, rangi ya maziwa, na bodi yake haikuwa ya bati. Ilikuwa ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoroweshwa gundi zikakauka, nyepesi kama ganda la yai na zenye tabia za ganda la yai. Kiwanda kilicholitengeneza kilikuwa kimeshageuzwa ghala la magodoro. Madigadi nyingine kama ile haikuwepo popote, na mstaafu alilipenda gari lile kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Hilo halikuwa umbea. Watoto wake wenyewe walilisema bila kuulizwa.

Ufa ulianzia chini ya taa kubwa, ukashuka mpaka karibu na bampa, urefu wa mkono wa mtu mzima. Ufa wa faiba hauzibwi kwa mbele. Mwenye haraka hupaka pati ya kuzibia kwa mbele, akapiga rangi, akala pesa ya watu, na baada ya wiki mbili ufa hurudi na watoto wake. Kazi ya kweli hufanyika kwa nyuma, gizani, ambako hakuna mteja anayetazama. Unakwangua, unabandika kitambaa cha nyuzi kilicholoa gundi, kisha mtu mmoja anasukuma kwa viganja mpaka gundi ikaze. Mtu wa pili anakaa mbele, anasawazisha midomo ya ufa na kupokea sifa.

"Glavu," alisema Jeki, akiwa ameshaketi juu ya ndoo.

"Zipo jozi moja tu."

"Najua zipo jozi moja. Ziko wapi?"

"Nimezivaa."

Siku nyingine angepaka mafuta ya mgando mikononi ili gundi isimng'ang'anie, lakini kopo la mafuta lilikuwa ndani, na mumewe alikuwa anasema haraka, haraka, jua linapanda.

Gundi ya faiba peke yake haikauki. Hutiwa dawa ya kukaushia, ambayo mafundi huiita hadina, na hadina haitaki mchezo. Ikipungua, gundi hukaa wiki nzima inanata kama jamu. Ikizidi, huchemka na kukaza kabla hujasema lolote. Miaka yote aliyepima hadina ni Jeki, kwa kifuniko chekundu cha chupa ya dawa ya kikohozi alichokiweka ndani ya boksi la misumari. Fundi hakukijua kifuniko hicho. Hakuwahi kuuliza hadina inapimwaje. Aliona tu kwamba inakauka vizuri, akajua kwamba yeye ni fundi mzuri. Asubuhi ile, kwa kuwa mkewe alikuwa chini ya madigadi, alichukua kifuniko cha kopo la rangi, kipana kama kisahani.

"Umetia kiasi gani?" aliuliza Jeki kutoka kule chini.

"Kimoja."

"Kimoja cha nini?"

"Wewe mwanamke, fundi ni nani hapa? Haya, sukuma hapo. Usiachie. Nusu saa tu."

Akaenda kunywa chai ya pili. Chai ilikuwa na mazungumzo mengi.

Aliporudi, gundi ilikuwa imekaza vizuri kuliko siku zote. Aliigonga kwa ukucha, ikatoa mlio mkavu, mzuri.

"Achia sasa."

"Haiachii."

"Nimesema achia."

"Mimi nimeshaachia. Yenyewe ndiyo haiachii."

Fundi aliinama akachungulia. Viganja vya mkewe vilikuwa vimezama ndani ya madigadi mpaka kwenye vifundo. Upande wa nje, pale palipokuwa na ufa, alama za vidole vyake kumi zilikuwa zimetokeza wazi kabisa, kama kwenye fomu ya kitambulisho. Fundi alichukua msasa akaanza kuzisawazisha.

"Inawasha," alisema Jeki.

"Huu msasa mlaini," alisema mumewe, na kweli ulikuwa mlaini.

Saa saba mchana mikono ilikuwa imekuwa faiba mpaka kwenye viwiko. Ngozi iliingia rangi ya gundi, kisha ikawa ngumu, kisha ukiigonga inalia. Haikuuma. Jeki aliomba maji, akanyweshwa. Aliomba mkoba wake uondolewe mlangoni usiingie vumbi, akaambiwa kesho.

Jirani yao, fundi umeme wa magari, alikuja kuazima bisibisi. Alichuchumaa akatazama.

"Shemeji, pole. Umeanza lini?"

"Saa tatu."

"Aa." Akamgeukia mwenzake. "Nusu Saa, lete grenda. Ukikata duara hapa na hapa, anatoka na kipande mkononi. Hicho kipande utamkwangulia taratibu. Dakika tano."

"Na madigadi?"

"Utatengeneza nyingine."

"Kalibu yake sina. Hakuna mwenye nayo. Nikikata hapa nimemuua mzee wa posta."

Fundi umeme alifikiri. Alikuwa mtu mwenye huruma, kila mtu alimjua hivyo. Mwishowe akasema, "Basi shemeji, kwa kuwa uko huko huko, nishikie waya huu wa indiketa, kila siku unachomoka."

Jeki akaushika kwa meno.

Alhamisi alfajiri basi lilipita mbele ya gereji. Lilipiga honi mara mbili, likangoja kidogo, likaenda. Jeki, ambaye sasa alikuwa faiba mpaka mabegani, alilisikiliza likibadilisha gia kwenye kona. Alijua gia ya pili ya basi lile ilikuwa na shida, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mchana alikuja wifi yake, dada mkubwa wa fundi, amebeba mwavuli. Hakuinama. Aliongea na madigadi akiwa wima.

"Wifi, kumbe umepata mahali pa kupumzika."

"Wifi, mwambie kaka yako anikate. Binti anajifungua."

"Wewe ulipojifungua nani alikuja? Si ulizaa, si tuko hapa?" Wifi aliuzungusha mwavuli. "Sufuria kubwa, ile yenye mfuniko wake, uliiweka wapi?"

"Juu ya kabati. Wifi, mwambie anikate."

"Nitamwambia," alisema wifi, na kweli alimwambia, huku akitafuta kiti cha kupandia kabatini. Fundi alijibu kwamba atakata Jumatatu, kazi ikipungua. Wifi akarudi akatoa taarifa: "Amesema Jumatatu." Akaondoka na sufuria na mfuniko wake.

Ijumaa ndoo haikuwa na kazi tena. Jeki alikuwa ameingia wote. Mgongo ulikuwa umejipinda ukafuata mpindo wa madigadi, magoti yamekunjwa vizuri mahali pa kukingia matope, na uso umetokeza upande wa nje, kati ya taa kubwa na bampa, umetulia, macho wazi. Fundi alirudisha gurudumu, akalizungusha kwa mkono. Halikugusa kitu. Alifurahi. Madigadi zilizozibwa mara nyingi hubaki na kinundu kwa ndani na gurudumu likawa linakwangua.

Akamsawazisha kwa msasa namba themanini, halafu mia moja na ishirini, halafu wa maji. Kwenye masikio alitumia kidole.

"Jumatatu utanikata?" aliuliza Jeki.

"Funga macho," alisema mumewe, "nipulize rangi."

Jumamosi mstaafu wa posta alikuja amevaa koti. Alizunguka gari mara tatu. Mara ya tatu akasimama mbele kushoto, akavaa miwani.

"Fundi, mbona hapa pana sura?"

"Ni mke wangu, mzee. Alikuwa ananishikia."

"Haitatetema gari likikimbia?"

"Huyu hatetemi, mzee. Miaka ishirini na sita namjua."

Mstaafu akagonga kwa kifundo cha kidole, kwanza shavu moja, halafu la pili, kama mtu anayenunua tikiti maji. "Imara," alisema. "Ile ya kulia sasa naiona kama kopo." Akaingia ndani, akawasha gari, na Jeki akatoka gerejini kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kumwita Jeki. Mkoba wake ulibaki kwenye msumari.

Maisha ya barabarani hayakuwa mabaya kama mtu angedhani. Mstaafu aliendesha polepole. Alikwenda dukani, alikwenda kucheza drafti na mzee mwenzake, alikwenda hospitali kupima presha akarudi na presha ile ile. Kila Jumapili alimwosha Jeki kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, nyuma ya masikio na chini ya kidevu, na akimaliza alimkausha kwa kitambaa kingine. Hakuna aliyewahi kumwosha Jeki tangu mama yake afe. Alinyamaza akaoshwa.

Lakini siku nyingine alikuwa anaongea. Alimwambia mstaafu abadilishe gia. Alimwambia kuna shimo mbele, kulia, kulia kidogo. Walipopita mahali penye mwanamke amebeba mtoto, aliuliza mtoto ana umri gani, anaitwa nani, analala? Wanawake walijibu vizuri tu, wakati mwingine wakaegemea boneti wakasimulia usiku wao wote, na mstaafu akachelewa drafti.

Wiki ya tatu alilirudisha gari gerejini.

"Fundi, gari linaongea."

"Linasema nini?"

"Linauliza. Mimi nimekaa nyuma ya dirisha la posta miaka thelathini na nane, na watu wenyewe niliwazoesha wasiniulize kitu. Sasa niulizwe na madigadi?"

Fundi alikubali kwamba hiyo ni kasoro na kwamba kazi yake ina dhamana. Akachota pati, akaanza kuichanganya juu ya kipande cha kioo.

"Mume wangu," alisema Jeki, "binti amejifungua?"

"Amejifungua. Wiki mbili zimepita."

"Salama?"

"Salama."

"Mtoto gani?"

Lakini pati ikishachanganywa haingoji mtu. Fundi aliijaza mdomoni kwa mwiko mdogo, akaisukuma mpaka kwenye pembe, akaisawazisha, akakaa akingoja ikauke. Akapiga msasa, akapuliza rangi mkono wa kwanza, akapuliza wa pili. Alipokuwa ananawa alikumbuka kwamba aliulizwa kitu. Hakukumbuka ni nini, akahisi labda ni habari ya sufuria.

Jeki alirudi barabarani bila kujua kama mjukuu wake ni wa kike au wa kiume. Hilo lilimkaa zaidi ya pati. Faiba alikuwa ameshaizoea, na kunyamaza halikuwa jambo geni. Lakini kila walipopita nyumba yenye nguo za mtoto kwenye kamba, alizitazama mpaka shingo, kama angekuwa nayo, ingeuma.

Ndipo akaanza kufikiri kama fundi, kwa kuwa fundi alikuwa ni yeye. Ufa wa katikati huzibwa. Ufa wa pembeni huzibwa. Lakini ufa unaopita kwenye matundu ya nati, pale madigadi inaposhikana na gari, hauzibwi. Hapo mtu mwenye akili timamu hatii pati. Anachukua grenda, anakata kipande kizima, anakitoa. Na kipande hicho kilikuwa yeye.

Maisha yake yote hakuwahi kuachia. Ilibidi ajifunze. Siku ya kwanza, kwenye tuta la mbele ya shule, aliachia kidogo sana, kama mtu anayelegeza ngumi, na kitu kikalia kwenye pembe ya mdomo wake, mlio wa biskuti. Ulikuwa unywele tu, mstari mwembamba kwenye rangi. Siku ya pili aliupeleka mpaka kidevuni. Siku ya tatu mvua ilinyesha akapumzika. Siku ya nne na ya tano aliushusha shingoni, akaukunja kwa uangalifu begani, kwa sababu ukienda moja kwa moja ungeishia kwenye bampa bure. Alikuwa na mikono miwili ndani ya faiba ile na aliijua ilipo. Aliupitisha ufa katikati ya viganja vyake mwenyewe. Siku ya sita ulifika kwenye nati ya kwanza, na siku ya nane ulikuwa umezipita zote tatu. Kwenye tuta la shule madigadi ilipiga makofi.

Mstaafu alishuka, akavaa miwani, akaona. Alikaa pembeni ya barabara robo saa nzima na kofia mkononi. Kisha akaendesha taratibu mpaka gerejini, gia ya kwanza njia yote.

Gereji ilikuwa ile ile. Kwenye msumari wa mlangoni mkoba haukuwepo. Ulikuwa chini, ndani ya tairi kuukuu lililolazwa kivulini, umetandikwa kama godoro, na juu yake amelala mtoto mchanga amevaa kofia ya sufu. Kofia ilikuwa inamtosha sawasawa.

Binti alikuwa anafua karibu na bomba. Alikuwa amekuja wiki iliyopita. Baba yake alimpigia simu akamwambia nyumba haina mtu wa kupika na shangazi amechukua sufuria, na mume wa binti akaona si vibaya apumzike na kelele za mtoto kwa mwezi mmoja au miwili. Gari lilipoingia, binti aliacha nguo majini. Alikwenda mpaka mbele kushoto, akapiga magoti, akafuta vumbi kwenye uso wa mama yake kwa upande wa kanga aliyojifunga.

"Shikamoo mama," alisema. "Umependeza na rangi."

Jeki alimtazama. Halafu akatazama tairi. Ndani ya kofia ile hakuweza kuona lolote la kumsaidia kujua ni mtoto gani.

Fundi alifika na kikombe mkononi. Aliufuata ufa kwa kidole toka mdomoni mpaka kwenye nati ya tatu.

"Mbaya," alisema.

Fundi umeme alikuwa ameshavuka uzio, maana gari lilipoingia kila mtu alisikia makofi. "Hapo hamna pati, Nusu Saa. Hapo ni kukata. Mtoe shemeji, mtoto mwenyewe huyo hapo, amwone."

Fundi alichomeka grenda kwenye umeme. Jeki aliisikia ikiwaka. Miaka ishirini na sita aliishi na sauti ile, lakini hakuwahi kuipenda kama asubuhi hiyo.

"Ngoja," alisema mstaafu wa posta. "Ukikata, utaweka nini?"

"Nitakuchongea ya bati, mzee."

"Bati." Mstaafu alisema neno hilo kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Na sura?"

"Bati halina sura, mzee."

"Basi usikate. Nimeshaizoea. Jumapili nitaosha nini? Itie nguvu kwa nyuma, fanya unavyojua, lakini sura yangu usiniguse."

Fundi umeme alikohoa, akasema mteja ni mteja, akakumbuka kuna betri ameiacha kwenye chaja.

Grenda ilikuwa inazunguka bado, na fundi hakupenda kupoteza umeme. Ufa lazima upanuliwe kabla ya kuzibwa, gundi ipate pa kushika. Akaipitisha toka kidevuni mpaka begani, mkono mmoja, bila kutetemeka. Unga mweupe uliruka ukatua kwenye nguo zilizofuliwa. Binti aliziba pua. Jeki hakuziba kitu.

Kisha fundi akafungua nati za gurudumu, akalivingirisha mpaka ukutani, akapindua ndoo.

"Mwanangu, njoo unishikie hapa."

Binti alikausha mikono kifuani. Alitazama ndoo, akatazama kizani chini ya madigadi.

"Si ndivyo alivyoshikilia mama?"

"Mama yako ilikuwa bahati mbaya. Hadina ilizidi. Leo nitapima vizuri."

Alikwenda kutafuta cha kupimia. Alifungua boksi la misumari, akachakura, akaibuka na kifuniko kidogo chekundu. Alikigeuza huku na huku kwenye mwanga. Kilikuwa na alama ya mstari kwa ndani, umekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Jeki alikiona. Alikitazama kwa macho yote mawili, na kama pati ingekuwa ya fundi mbaya angeweza hata kuitema, lakini hadina ya pati ile ilitoka kiwandani imepimwa tayari.

"Takataka zimejaa humu," alisema fundi, akakitupa uani. Akachukua kifuniko cha kopo la rangi.

"Glavu ziko wapi, baba?"

"Zipo jozi moja."

Binti hakuuliza tena. Ukweli ni kwamba alitaka kwenda kule chini. Tangu afike hakuwa amemgusa mama yake, na mtu akipigwa rangi kwa mbele humgusi, unagusa rangi. Kwa nyuma haikuwa imepakwa. Aliketi kwenye ndoo, akapapasa gizani, akaukuta mgongo, akaukuta mkono mmoja, halafu wa pili, viganja vimefunguka kumwelekea. Akavilaza vyake juu yavyo, na kitambaa chenye gundi kikakaa katikati.

"Nimemshika," alisema.

Jeki alivisikia vile viganja vidogo, vyenye joto, bado vina povu la sabuni kwenye kucha. Kulikuwa na jambo moja tu la kusema, nalo ni la neno moja, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kazi yenye dhamana. Alijaribu kuachia, kama alivyojifunza kwenye tuta la shule, apasuke hapo hapo aanguke na kila kitu. Lakini gundi ilikuwa imeanza kupata moto, na alipolegeza vidole, vya binti yake vikavikaza, vikidhani vinasalimiwa.

"Sukuma hapo hapo. Usiachie," alisema fundi.

"Kwa muda gani, baba?"

"Nusu saa tu."

Akavua glavu, akaziweka juani. Chai ilikuwa imeshamiminwa kule kivulini, na mstaafu wa posta alikuwa ameketi kwenye benchi akimngoja, amechangamka, koti mapajani. Njiani fundi alipita kwenye tairi. Mtoto alikuwa ameamka. Hakulia, alikuwa anatazama anga na kupigapiga mikono kama anayeogelea.

"Wa kiume huyo?" aliuliza mstaafu.

"Wa kike," alisema fundi.

Kule mbele kushoto, Jeki alisikia.

Fundi aliinama akampa mjukuu kidole. Mtoto alikidaka. Babu akavuta kidogo, mtoto hakuachia. Akavuta zaidi, mpaka mabega ya mtoto yakanyanyuka kutoka kwenye mkoba, na bado vidole vyote vitano vilikuwa vimekaza. Fundi alicheka kwa furaha ya kweli, akamwonyesha mteja.

"Mtazame, mzee," alisema. "Huyu atanifaa."